Mihimili ya mita 12 kwa banda la sketi za magurudumu Likoni, Mombasa: mbao hazikunisumbua, gundi ndiyo

Kila fundi niliyemuuliza alinijibu vivyo hivyo: "Paka gundi nyeupe, piga skru, kazi kwisha." Na katika hao wote sikupata hata mmoja aliyewahi kuvusha mbao mita 12 bila nguzo katikati. Mimi nilitaka mihimili saba ya urefu huo, kwa banda la kuchezea sketi za magurudumu. Mtoto anayekuja mbio juu ya magurudumu huwezi kumwekea nguzo njiani.

Wazo nililitoa nchi za theluji. Huko kumbi kubwa za michezo ya barafu huezekwa kwa mihimili ya mbao fupi zilizounganishwa kwa gundi, tabaka juu ya tabaka. Vikingskipet ya mji wa Hamar, Norwei, palipofanyika mbio za sketi za Olimpiki ya 1994, ina paa kama chombo kilichopinduliwa, na mbao za namna hiyo ndizo zinazolibeba. Kule Richmond, jirani na Vancouver, ukumbi wa Olimpiki ya 2010 uliezekwa kwa misonobari iliyouliwa na wadudu. Hilo ndilo lililonivutia: vipande vidogo kufanya kazi ya gogo kubwa, mvule ukaachwa msituni. Nikanunua saiprasi ya kupandwa, inchi moja na nusu kwa sita, futi 14, nikairanda hadi milimita 33 kwa 140. Tabaka 20 zikatoa kimo cha milimita 660, na injinia akakubali kwa kuwa juu ni mabati matupu.

Mfano wa kwanza niliufanya kama nilivyoshauriwa: mita nne, tabaka sita, gundi nyeupe, skru kila futi. Ulitoka mzuri hata nikaupiga picha. Nikaulaza juu ya matofali huku na huku, nikaupakia mifuko sita ya saruji, nikauacha kibandani masika yote. Wiki ya tatu ukaota kitambi. Gundi haikuwa imeachia, ilikuwa imelegea tu: ile nyeupe ikipata joto na unyevu hulainika kama ubani mdomoni, na tabaka zikateleza kidogo kidogo, moja juu ya mwenzake. Mwezi wa pili, usiku, nikasikia "kwa!" Asubuhi nikaingiza ukucha kwenye kiungo, kisha kisu, kisha vidole vyote vinne. Skru nazo zilikuwa zimeipasua mbao kwenye mstari mmoja, kama mtu aliyechanja kuni. Mshauri wangu akaja, akauzunguka, akasema: "Yakhe, skru ulipiga chache."

Baadaye ndipo nilipokisoma kisa cha Bad Reichenhall, Ujerumani. Tarehe 2 Januari 2006 paa la mbao la ukumbi wa barafu liliporomoka, watu 15 wakafa. Theluji iliyokuwa juu haikuzidi kipimo ambacho paa lilipaswa kubeba. Moja ya makosa yaliyokutwa ni gundi ya urea, isiyostahimili unyevu. Na barafu huipoza mihimili iliyo juu yake mpaka mvuke ukageuka matone. Sisi Likoni barafu hatuna, lakini unyevu tunao Januari hadi Disemba.

Nikahamia resosinoli, gundi ya mafundi wa boti, ile inayoacha mstari wa zambarau iliyokolea. Bei ni mara nne, mara tano ya nyeupe, sikutaka hata kuandika. Kabla ya kuiamini nilikata kipande cha kila gundi nikavichemsha saa nne kwenye sufuria, kisha nikavikausha. Cha nyeupe kilifunuka kama msahafu kabla hata ya nusu saa. Cha resosinoli kilipasuka penye mbao, kiungo kikabaki.

Muuzaji atakuapia mbao imekauka. Pima. Nilikata kipande katikati ya ubao, nikakipima kwa mizani ya sonara: gramu 62. Nikakitia kwenye oveni ya joto la nyuzi mia na kidogo mpaka uzito ukaacha kushuka: 52. Zilizopotea 10, gawa kwa 52, ni asilimia 19. Mbichi hiyo. Nikazipanga kivulini kwa fito katikati, wiki saba, zikafika 14 hivi, na pwani usitarajie zishuke sana chini ya hapo. Ubao wa 10 usiuweke jirani na wa 16, watavutana hadi watengane.

Kuunga urefu nilifundishwa na mzee mmoja wa majahazi. Kiungo ni cha mshazari, urefu mara kumi ya unene, kwa hivyo sentimita 33. Mimi nilikuwa nachonga ubao mmoja mmoja, kila mmoja na mteremko wake. Mzee akacheka. Akapanga mbao nane juu kwa juu, kila moja ameirudisha nyuma sentimita 33 kuliko ya chini yake, zikawa ngazi. Kisha akapitisha randa kuanzia juu hadi chini mpaka ngazi ikawa mteremko mmoja. Mbao nane, mshazari mmoja, na zote zinalingana! Viungo vya tabaka jirani visikutane, viachane angalau sentimita 60.

Kule kwenye baridi hupasha karakana moto ili gundi ishike. Hapa inashika kabla hujamaliza kupaka. Nilianza kazi baada ya swala ya alfajiri, kopo la gundi likiwa ndani ya beseni la barafu ya wauza samaki. Ndiyo barafu pekee iliyoingia katika uwanja huu. Hata hivyo tabaka 20 kwa mpigo haziwezekani. Nilifanya tano tano, nikaziranda, kisha mafungu manne nikayaunga. Baada ya kuranda, paka gundi siku hiyohiyo.

Kubana kunataka kama kilo 6 kwa kila sentimita ya mraba. Kila sentimita 30 niliweka vipande vya chuma juu na chini na vyuma viwili vya uzi wa nati, vya milimita 16. Kila jozi inabeba tani mbili na nusu. Spana ya sentimita 40, uivute kwa nguvu ya kilo kumi. Baada ya robo saa rudia zote, kwa kuwa gundi ikishatoka pembeni nati hulegea.

Ncha sikuzifukia kwenye saruji. Zimekaa kwenye viatu vya chuma kilichochovywa zinki, na hewa ya sentimita mbili nyuma. Wenzetu wanaogopa theluji inayoshuka. Sisi upepo wa kusi hung'oa paa kwenda juu, basi bolti zimepita kiatu hadi nguzo, na nguzo hadi msingi.

Uzi niliouvuta chini ya mhimili wa nne ulionyesha umeshuka milimita 11 siku ya mabati, na 14 baada ya kusi nzima. Injinia aliniruhusu 40. Yule bwana wa skru hasadiki, anataka kuja kupima. Nimemwambia aje na uzi wake.