Tauni Ilipoikaribia Hema

Somo: Zaburi 91:9–15

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Wakati wa korona zaburi hii ilizunguka kwenye simu zetu usiku na mchana: "Mabaya hayatakupata wewe, wala tauni haitaikaribia hema yako." Nami niliituma. Kisha tukazika, na baadhi ya tuliowazika walikuwa wameituma kuliko mimi. Tangu hapo mstari wa 10 nimekuwa nikiupita haraka, kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa.

Wiki hii nimeurudia kwa sababu ya Eyam, kijiji kidogo kwenye vilima vya Derbyshire, Uingereza. Inasimuliwa kwamba mwaka 1665 mshonaji wa pale aliletewa furushi la vitambaa kutoka London, ambako tauni ilikuwa ikiua. Vilifika na unyevu. Msaidizi wake, George Viccars, akavianika karibu na moto, na viroboto wenye tauni waliojificha humo wakapata joto. Viccars alizikwa tarehe 7 Septemba.

Majira ya baridi yaliituliza tauni kidogo. Juni 1666 ikawa imerudi kwa nguvu na watu wakataka kukimbia. Kasisi wao, William Mompesson, alikuwa kijana wa miaka 28, mgeni, na wengi hawakuwa wamemkubali. Mioyo yao ilikuwa bado kwa Thomas Stanley, mchungaji wa zamani, aliyekosa nafasi yake kwa sababu hakukubali sheria ya mwaka 1662 iliyolazimisha Kitabu cha Sala cha Kanisa la Uingereza. Tunayajua haya: kanisa moja, wachungaji wawili, na kila ukoo una wake. Fahali wawili hawakai zizi moja, lakini hawa walikaa. Mompesson peke yake asingesikilizwa. Walisimama pamoja wakawaomba watu wasitoke, ili ugonjwa usivuke kwenda vijiji vya jirani.

Kanisa likafungwa. Ibada zikahamia bondeni, mahali paitwapo Cucklet Delf, kila familia ikisimama mbali na nyingine. Makaburini kwa kanisa hawakuzika tena. Kila nyumba ilizika watu wake bustanini au shambani. Bwana mkubwa wa Chatsworth, Earl wa Devonshire, alisaidia kwa chakula, kikawa kinaachwa mpakani. Waliponunua vitu, sarafu waliziweka kwenye matundu ya jiwe yaliyojaa siki, wakiamini huua ugonjwa.

Tusiwafanye malaika. Kabla ya kufunga mipaka, Mompesson aliwapeleka watoto wake wawili Yorkshire. Wapo wanaomlaumu. Mimi ni mzazi, simtupii jiwe. Mkewe Catherine alikataa kuondoka, akafa Agosti 1666.

Mwezi huohuo, shambani Riley, juu ya kijiji, Elizabeth Hancock alizika mume na watoto sita ndani ya siku nane. Inasimuliwa kwamba aliwazika kwa mikono yake mwenyewe, akiwaburuta mpaka kaburini, maana hakuna aliyethubutu kusogea. Tauni ilipokoma mwishoni mwa 1666, Eyam ilikuwa imepoteza watu 260 hivi.

Nani angesimama pale Delf akawasomea mstari wa 10?

Katika Injili anayeinukuu zaburi hii ni Ibilisi. Alimpandisha Yesu juu ya kinara cha hekalu akamwambia, "Jitupe chini, kwa maana imeandikwa, Atakuagizia malaika zake" (Mathayo 4:6). Maneno ni ya Mungu, ila yeye aliyageuza hirizi. Naogopa hata kusema, lakini sina hakika kama ujumbe niliokuwa nautuma mimi ulikuwa tofauti sana na wa kwake.

Ibilisi aliishia mstari wa 12. Hakufika wa 15: "Ataniita nami nitamwitikia, nitakuwa pamoja naye taabuni." Taabuni, kama vile nyumbani, kama vile shimoni. Ni neno la mahali. Mungu anasema atakuwemo humo. Basi zaburi yenyewe ilijua tangu mwanzo kwamba mwenye kumkimbilia Mungu atafika taabuni, na Eyam waliingia humo kwa hiari, ili jirani asiingie.

Jumapili ya mwisho ya Agosti wanakijiji bado huenda Delf kusali. Kule Riley makaburi ya akina Hancock yamezungushiwa ukuta wa mawe. Elizabeth hayumo, alinusurika.

Jana nilikwenda kwa mama mmoja tuliyemzikia mume wakati ule wa korona. Nilimsomea zaburi yote, na mstari wa 10 sikuuruka. Alitazama chini. Nilipofika "taabuni" akaniambia, "Rudia hapo, mwanangu." Nikarudia.