Mlishinda ngapi?

Jumapili nilimpeleka kijana wangu uwanjani kwa mara ya kwanza. Uwanja wenyewe unaitwa Benjamin Mkapa tangu mzee alipofariki mwaka 2020, ila sisi wa upande wa Temeke bado tunasema Taifa. Mnamjua huyu mtoto kwa maswali. Timu hazijaingia, ubuyu umemjaa mdomoni, akaanza:

"Baba, wewe mara ya kwanza kuja hapa ulikuwa mdogo kama mimi?"

Nikamwambia hapana, nilikuwa mtu mzima, tena nimevaa tai.

"Tai? Mlishinda ngapi?"

Juni 2014. Idara siitaji, wenye kumbukumbu mnaikumbuka. Nafasi zilikuwa 70, walioitwa kwenye usaili zaidi ya 10,000, tukaambiwa tukutane Taifa. Nilikuwa na shahada ya sosholojia ya Mlimani, miaka miwili ya kulala sebuleni kwa mjomba Mtoni, na tai ya mjomba huyo huyo, nyekundu, pana, ya harusi za enzi za Mwinyi. Kwenye daladala konda alipoona abiria karibu wote wamepiga pasi na kukumbatia bahasha za kaki, akauliza leo kuna mechi gani.

"Tanzania na Tanzania," akajibu dada mmoja kutoka kiti cha nyuma.

Nje ya geti vijana walikuwa wameshaiwahi biashara. Kalamu ya mia mbili wanauza mia tano, maji, peremende, maandazi kwenye ndoo. Mfukoni nilikuwa na mia nne ya nauli ya kurudi, na kalamu ninayo. Nikawapita. Wallahi niliwaonea huruma.

Ndani nikakalishwa upande wa Msimbazi, mimi mtoto wa Jangwani. Nikaihesabu hiyo kuwa nuksi ya kwanza. Kisha tukasubiri. Kipupwe kile cha Juni cha asubuhi kikaisha, jua likapanda, karatasi hazijagawiwa. Mtu asiye na kazi ya kufanya hupiga hesabu, basi nikagawa kwenye kiganja: elfu kumi kwa sabini. Mia moja arobaini na tatu, desimali nikazikadiria juu. Yaani katika kila watu 143, anatakiwa mmoja. Namba ikiwa kwenye kiganja haitishi sana. Nikataka niione ilivyo. Nikaanza kuhesabu vichwa.

Wa kwanza alikuwa dada aliyekaa kulia kwangu. Miguuni ana ndala, viatu vya visigino amevipakata kwenye mfuko wa rambo, nadhani alikuwa anavitunzia usaili wa ana kwa ana. Wa tano jamaa tuliyesoma naye Mlimani, aliyetufundisha takwimu usiku wa kuamkia mtihani. Nikajifanya sijamwona, na yeye akajifanya vivyo hivyo. Wa ishirini na moja mama mjamzito, anajipepea kwa bahasha ya vyeti. Wa arobaini na kitu jamaa mwenye kipara ambaye umri wake anaujua Mungu na mama yake. Safu ikaisha nikapanda ya pili, ya tatu, macho yananiuma kwa jua, nikipotea narudi mwanzo wa safu. Ukinitoa mimi, nilihitaji 142. Wa 142 alikuwa kijana amelala, kichwa kakiegemeza begani kwa jirani yake, mdomo wazi.

Wote hao, tangu dada wa ndala mpaka huyu aliyelala, ilibidi wakose ndipo mimi nipate. Na kama kuna mwingine alikuwa na wazimu kama wangu, basi alishanihesabu na mimi.

Karatasi zikaja. Meza hakuna, bahasha ya kaki ikawa meza, mapaja ndiyo miguu yake. Swali la kwanza nimelisahau, la pili pia. Nakumbuka la tatu kwa sababu ndipo kalamu ilipogoma. Nikaitikisa. Nikaipuliza. Nikaipekecha viganjani, nikaichora kwenye soli ya kiatu, ikatoa mstari mwembamba kisha ikanyamaza kabisa. Kulia kwangu mkono ukanyooshwa. Dada wa ndala hakuinua hata uso, anaandika huku mkono wa pili umeshika kalamu ya bluu yenye kifuniko kilichotafunwa.

"Shika kaka, muda unakwisha."

Namba moja wangu. Nilisita kidogo, sekunde mbili tatu tu. Nikawa najiuliza, ningekuwa mimi ndiye mwenye kalamu mbili, ningempa? Nikaipokea kabla sijajijibu.

Kipaza sauti kilipotuambia tuweke kalamu chini, watu walimwagika kuelekea getini kama wamefungwa goli la dakika ya mwisho. Nikamtafuta nimrudishie, wapi. Nikaondoka nayo.

Sikupata. Majina yalipotoka nililitafuta langu nikalikosa, na lake nisingeweza kulitafuta, sikulijua. Yaliyofuata mnayajua: kuuza laini chini ya mwavuli, kibanda cha uwakala, mpaka hii steshenari ya Mbagala. Siku hizi maombi ya kazi ni ya mtandaoni, na asiye na kompyuta anakuja kwangu kuskani vyeti. TRA walipotangaza nafasi 1,596 mwaka 2025, walioomba walizidi 130,000. Msimu ule nilikuwa nafunga duka saa nne usiku, na ada ya huyu mtoto ilitoka mle mle. Nikagawa tena kwenye kiganja, mazoea hayo: mmoja kwa kila themanini na kitu. Afadhali yao kuliko sisi. Ila sikumwambia mteja hata mmoja.

Kalamu nauza pia. Siku za usaili napandisha mia mbili, biashara ni biashara. Kwenye kopo pale kaunta kuna moja ya bluu, kifuniko kimetafunwa, na shemeji yenu aliwahi kuniuliza mbona hiyo siiuzi. Nikamwambia haiandiki.

"Baba! Si nakuuliza? Mlishinda ngapi?"

"Sabini."

Akatoa macho, ubuyu ukasahauliwa. "Sabini kwa ngapi?"

Bahati yangu timu zikaingia, uwanja mzima ukasimama, ikabidi nimbebe mabegani aone.