Mtoto na mbeleko

"…utimizeni wokovu wenu wenyewe kwa kuogopa na kutetemeka. Kwa maana ndiye Mungu atendaye kazi ndani yenu, kutaka kwenu na kutenda kwenu, kwa kulitimiza kusudi lake jema." (Wafilipi 2:12–13)

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Andiko hili lilitugombanisha sana chuoni Limuru, Kenya. Chuo cha Mtakatifu Paulo kinalelewa kwa pamoja na Waanglikana, Wapresbiteri, Wamethodisti na Kanisa la Reformed, ndiyo maana mimi Mpresbiteri nilijikuta chumba kimoja na Mmethodisti wa Meru. Mimi nilishikilia "ndiye Mungu atendaye." Yeye akashikilia "utimizeni." Githeri ikapoa mezani, suala la uteule, yaani kama Mungu ndiye huchagua watakaookoka, halijaisha.

Siku moja tukapewa darasani mazungumzo ya miaka ya 1780. Charles Simeon, mhubiri Mkalvini (mfuasi wa mafundisho ya John Calvin juu ya uteule, kama sisi Wapresbiteri) asiyefika miaka 30, alikutana na John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, mzee aliyepita 80. Kwa sifa zao, ilibidi wachomoleane majambia. Simeon akaomba kwanza aulize. Je, ungemgeukia Mungu kama yeye hakuanza kukutia wazo hilo moyoni? Wesley akajibu: Nisingemgeukia. Unatumaini lolote la kwako mbele zake? Kristo tu. Baada ya kuokoka, basi, unajilinda kwa nguvu zako? La. Unabebwa kila saa kama mtoto mchanga mikononi mwa mamaye? Kabisa. Simeon akarudisha jambia alani: Ukalvini wake wote ulikuwa huo.

Kusema kweli, Simeon aliyachagua maswali yake. Hakugusa kama Kristo alikufa kwa ajili ya wote, wala kama aliyeokoka aweza kuanguka. Hapo ndipo Wesley na mhubiri mwenzake George Whitefield, Mkalvini, walipokosana tangu 1739, na tofauti hiyo haikuwa ya maneno tu. Lakini Whitefield alipofariki 1770, Wesley ndiye aliyehubiri London kwenye ibada ya kumkumbuka. Tena mwaka 1765 alikuwa amemwandikia mchungaji John Newton kwamba juu ya kuhesabiwa haki hatofautiani na Calvin hata unywele. Sentensi hiyo niliisoma mara mbili. Kwenye darasa letu la katekisimu haikuwahi kutajwa!

"Mikononi?" rafiki yangu akasema usiku ule. "Kwetu mtoto hubebwa mgongoni." Tukaanza upya. Mimi nikasema fundo la mbeleko halifunguki. Yeye akasema mtoto mkaidi hujinyonganyonga mpaka akachomoka. Tulibishana mpaka taa zikazimwa, ila hakuna kati yetu aliyesema mtoto alijifunga mwenyewe.

Kesho yake asubuhi, baridi ya Limuru ikiwa ile ile, mama mmoja alipita kando ya mashamba ya chai na mtoto mgongoni. Mtoto amelala fofofo, fundo limekazwa kifuani. Na bado mama ameupeleka mkono mmoja nyuma, amemkinga kwa chini.

Sikumuuliza mwenzangu hiyo ni hoja ya upande gani.