Siku moja na mimi, mwongoza wageni wa Mlima Kilimanjaro, njia ya Marangu

Saa 11 alfajiri niko macho. Chai ya rangi na ndizi mbili za kuchemsha, nachungulia nje kama mlima uko wazi... wapi, wingu tupu. Poa tu, leo sipandishi watu kileleni, nina wageni wa siku moja, wafanyakazi wa ofisini kutoka Dar, tunaenda Mandara, kambi ya kwanza ya njia hii, na kurudi.

Saa 3 getini. Kuandikisha majina, kulipia, kugawa maji, mmoja kaja na raba mpya kabisa za mjini eti za kupigia picha, haya. Halafu tunaanza, na kazi yangu kubwa ni moja tu, kuwazuia wasikimbie! Vijana wakiona njia nzuri wanaondoka kama daladala, dakika ishirini hoi. Mimi kipimo changu ni stori, ukishindwa kupiga stori huku unatembea, punguza. Mwendo huo ndo moyo unafanya kazi vizuri na unaweza kukaa nao masaa, wataalamu wa WHO wanasema angalau dakika 150 za mwendo wa hivyo kwa wiki, sisi kwenda Mandara tu ni kilomita 8 za kupanda, zaidi ya masaa matatu, yaani hesabu ya wiki tumeimaliza kabla ya lunch.

Saa 5 na nusu, Kisambioni, pa kupumzikia katikati ya njia. Mbega wako juu ya miti, mikia myeupe inaning'inia, simu zote juu. Mama mmoja wa makamo, daktari kamwambia atembee sababu ya presha, yeye hana habari na mbega, kainama pembeni anaangalia ua dogo jekundu na njano lenye kamkonga kama ka tembo. Namwambia mama hilo linaota Kilimanjaro tu, duniani kote hulipati kwingine. Akakaa nalo dakika kumi, hakuligusa hata.

Saa 7 na nusu Mandara, mita 2,720. Kula, fulana zilizoloa zibadilishwe haraka kwa sababu baridi ya pale haina adabu. Tukasogea kasoko ya Maundi, shimo la volkano ya zamani, wingu likafunguka kidogo tukaona upande wa Kenya, Kibo, kilele chenyewe, ikakataa kabisa kujionyesha.

Kushuka ndo watu hudharau. Kupanda unahema, kushuka mapaja ya mbele yanafanya kazi ya breki njia nzima na magoti yanabeba, kesho yake ngazi za ofisini utazishuka kinyumenyume hahaha. Hatua fupi, goti likunje kidogo, fimbo mkononi.

Saa 11 jioni geti. Saa 2 usiku nakula mtori, simu inalia, yule mama: "Mwanangu, Kibo lini?" Nikamwambia shikamoo mama, kwanza Horombo, kambi inayofuata baada ya Mandara, mita 3,720, tena utalala huko huko. Kasema nimpe bei.