Safu za vigae, Kibokoni

Ukuta wa jiko ulikuwa wa mita 4 na sentimita 20, katika nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe pale Kibokoni. Shangazi alitaka kigae kilekile cha sentimita 25 kwa 40 kilazwe safu za chini na kisimamishwe safu za juu. Sharti lake: mianya ya juu na ya chini iwe inakutana mahali, isipishane ukuta mzima. Fundi akanipa penseli.

Kigae kilichosimama kinachukua milimita 250, kilicholala 400. Pa kukutana ni kigawe kidogo cha shirika, ile KDS ya shuleni: namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote mbili bila baki. Unagawa kwa namba tasa ndogo kabisa inayokubali, unaendelea hadi ufike 1. 250 kwa 2 ni 125, kisha 5 mara tatu: 2 × 5³. 400 inakubali 2 mara nne, inabaki 25: 2⁴ × 5². Kila namba tasa unaichukua mara moja, kwa kipeo chake kikubwa: 2⁴ × 5³ = 16 × 125 = 2,000. Mita mbili, vigae 8 juu, 5 chini. Kwa kuwa 8 na 5 hazina kigawo cha pamoja ila 1, hakuna jibu dogo zaidi.

Wanafunzi wengi huteleza hapa. Anayezidisha 250 kwa 400 anapata mita 100 (jiko la nani hilo?). Anayechukua vipeo vidogo, 2 × 5², anapata 50, ambacho ni kigawo kikubwa cha shirika. Kigawe hakiwezi kuwa kidogo kuliko namba yenyewe.

Fundi hakuchanganya gundi bado. Alipanga vigae sakafuni vikavu, kwa misalaba ya plastiki ya milimita 2, akavuta futi.

“Mwalimu, mbona juu pamezidi?”

Juu 8 × 252 ni 2,016. Chini 5 × 402 ni 2,010. Milimita 6, na pa pili zingekuwa 12, jicho linaziona tangu mlangoni. Kigae hakihesabiwi peke yake, huhesabiwa pamoja na mwanya wake. 252 = 2² × 3² × 7, na 402 = 2 × 3 × 67. KDS ikawa 2² × 3² × 7 × 67 = 16,884, karibu mita 17. Mharibifu ni 67: ni tasa, haimo ndani ya 252, basi inaingia nzima nzima.

Dawa ilikuwa kubadilisha mianya ili minane ya juu ilingane kwa jumla na mitano ya chini. Tukachagua 2.5 juu na 4 chini, milimita 20 kila upande. Kigae na mwanya wake vikawa 252.5 juu, 404 chini. Desimali haichanganuliwi, kwa hiyo zidisha kwanza kwa 10: 2,525 = 5² × 101, na 4,040 = 2³ × 5 × 101. Safari hii namba tasa kubwa imo pande zote mbili, inahesabiwa mara moja tu: 2³ × 5² × 101 = 20,200. Gawa kwa 10, milimita 2,020.

Fundi alianzia upande wa mlango. Mianya ikakutana kwenye 2,020 na tena kwenye 4,040. Sentimita 16 zilizobaki zilijazwa vipande vya kukata, kwenye pembe inayozibwa na friji.