Siku moja na mnyoo wa matende

Saa 2 asubuhi niko Tanga mjini, maabara, nachambua mbu walionaswa usiku kwenye mitego ya taa. Wengi ni kuleksi, mbu wa mashimo ya vyoo na maji machafu, ambao huku mjini wanaeneza mnyoo anayeleta matende na mabusha. Ndani yao mna bakteria aitwaye Wolbachia, aliyegunduliwa mwaka 1924 ndani ya mbu wa jamii hiyohiyo. Mbu anaweza kuishi bila huyo bakteria.

Saa 5 nahamia kwa mnyoo, na hii ndiyo sehemu ya kazi ninayoipenda kuliko zote. Mnyoo wa matende naye ana Wolbachia wake, lakini kwake ni uhai. Jike humrithisha kupitia mayai. Bakteria akiondolewa, mnyoo anakuwa tasa, kisha anakufa taratibu. Dawa za kingatiba, ivermektini na albendazoli, husafisha vitoto vya mnyoo kwenye damu, ila minyoo mikubwa mingi hubaki hai kwa miaka. Doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, inamshika mnyoo kupitia bakteria wake.

Tena ushahidi mzito wa jambo hili umetoka mkoani kwetu, kijiji cha Kimang'a, Pangani. Wanaume 72 walishiriki: baadhi walikunywa doksisaiklini miligramu 200 kila siku kwa wiki 8, wengine vidonge visivyo na dawa, ili kulinganisha. Baada ya miezi 14, ultrasaundi ilionyesha minyoo hai kwa watu 6 kati ya 27 waliopimwa wa kundi la dawa, na 24 kati ya 27 waliopimwa wa kundi la pili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Natamani kila mtoto wa Pangani afundishwe habari hii shuleni.

Saa 7 wali na samaki. Saa 10 safari ya kijijini.

Saa 4 usiku tunaanza kutoa damu. Mchana vitoto vya mnyoo hujificha kwenye mishipa ya mapafu, usiku hutoka kwenye damu ya ngozini, saa ambazo mbu anauma. Kwa hiyo nasi tunapiga hodi usiku.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hiyo dawa ya bakteria mbona hamtugawii wote?"

Swali zuri. Nikamweleza kwamba kunywa vidonge kila siku kwa wiki nyingi ni kazi ngumu kwa kijiji kizima, na wajawazito na watoto wadogo hawapewi. Watafiti wanatafuta dawa ya kumaliza bakteria huyo ndani ya siku 7 au pungufu.

Akanyoosha mguu wake uliovimba. "Na huu?"

Tukaketi naye. Auoshe kila siku kwa maji na sabuni, aukaushe vizuri hadi katikati ya vidole, auinue anapolala, na akiona kidonda au homa awahi zahanati. Binti yake akaniomba nirudie hatua zote, naye akaziandika kwenye daftari. Kufika saa 7 usiku bado tulikuwa na nyumba mbili.