Binti Per

Jumatano ya tarehe 30 Januari 2019 baridi ilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri mjini Minneapolis, shule zikafungwa, na hata watu wa posta hawakutoka kupeleka barua majumbani. Mimi na mume wangu tulikuwa tumekwama nyumbani kwa mama mkwe wangu katika Wilaya ya Chisago, kaskazini mwa mji huo, ambako tulikuwa tumekwenda tangu Jumapili kumsalimu. Mama alikuwa na umri wa miaka 81, na jicho lake la kushoto lilikuwa limekwisha kupoteza nuru. Kwa zaidi ya mwaka mmoja, kila tulipoonana, alikuwa akirudia ombi lile lile: ajulishwe mahali alikozaliwa babu yake mzaa baba, aliyetoka Swideni akiwa kijana, kabla jicho la pili nalo halijafuata la kwanza.

Asubuhi ile, baada ya chai, alitoka chumbani amekumbatia bati la biskuti na Biblia nene, akaviweka juu ya meza ya kulia chakula, akasema kwamba kwa kuwa Mungu ametufungia mlango sote, basi tukae tuimalize kazi hii.

Vitu vyenyewe havikuwa vingi. Biblia ilikuwa ya Kiswidi, yenye jalada jeusi, na ukurasa wa mbele, ule ambao familia huandika tarehe za kuzaliwa na za kufa, ulikuwa umechanwa, ukabaki utepe mwembamba wenye herufi za mwanzo za mistari. Katika bati mlikuwa na picha ya mwanamume mwenye masharubu, kofia mkononi, pamoja na hati ya uraia ambayo kwayo aliukana utii wake kwa Mfalme wa Swideni na Norwei, lakini isiyotaja kijiji wala parokia. Ilikuwamo pia nakala ya ukurasa wa sensa ya mwaka 1900, iliyosema kwamba alizaliwa Aprili 1861 na kuingia Marekani mwaka 1882. Sensa ya mwaka 1890, ambayo pengine ingemkuta akiishi na watu wa kwao, iliharibiwa karibu yote na moto uliotokea Washington mwaka 1921. Kitabu cha kwanza cha usharika wake kiliungua pamoja na kanisa lenyewe, lililokuwa la mbao. Kitabu kilichofuata kilikuwapo, na jina lake limo, pamoja na mkewe na watoto, ila katika safu ya mahali pa kuzaliwa mchungaji aliandika neno moja tu, Småland, ambalo ni jimbo zima. Ni kama kumuuliza mtu kwao ni wapi naye akakujibu kwamba ni Kanda ya Kati.

Chini kabisa mwa bati kulikuwa na barua ya ukurasa mmoja, iliyokunjwa mara nyingi hadi mikunjo ikaanza kutoboka. Juu yake, upande wa kulia, palikuwa na neno Långasjö na mwaka 1891.

Mpwa wa Mama alikuwa amekwisha kuishughulikia barua ile kabla yetu. Alijua kwamba Långasjö ni parokia ya Småland, na alijua pia kwamba å na ö ni herufi kamili zinazokaa mwishoni mwa alfabeti ya Kiswidi, baada ya z, wala si mapambo ya kuachwa mtu anapotaka. (Jambo hili watu wa Chisago hawalichukulii kwa wepesi. Mji wa Lindström ulikuwa umeondolewa nukta zake mbili katika vibao vya barabara kuu, na mwaka 2015 Gavana Mark Dayton aliamuru zirudishwe. Mama alikwenda na majirani kukiangalia kibao kipya.) Mpwa huyo aliingiza jina la ukoo wao katika programu za kutafutia nasaba, akaichagua parokia ya Långasjö na mwaka 1861, wala hakupata kitu. Jina hilo sitaliandika hapa, kwa kuwa wenyewe wako hai na ni wengi. Itoshe kusema kwamba ni neno la Kiswidi lenye maana ya jasiri. Aliyeandika barua alikuwa ametia sahihi kwa jina lake la ubatizo likifuatwa na Persdotter, jina ambalo halikumhusu mtu yeyote katika familia. Ikaamuliwa kwamba barua ile iliingia katika bati kwa bahati, pengine kutoka kwa jirani, na hivyo Långasjö ikawekwa kando.

“Lakini anajiita dada,” nilisema, kwa kuwa mwishoni mwa barua, juu ya sahihi, yalikuwapo maneno *din syster*, ambayo hata mtu asiyejua Kiswidi anaweza kuyakisia.

Mama akajibu kwamba waamini wa zamani walikuwa wakiitana ndugu na dada, na kwamba hivyo ndivyo walivyolielewa neno hilo siku zote.

“Na huyu Per ni nani, Mama?”

“Kwetu hakuna Per.”

Lazima nieleze kwa nini niliuliza swali hilo. Mimi ni Mnyiramba wa Tanzania, na jina langu katika pasipoti ni langu, kisha la baba yangu, kisha la babu yangu. Nilipofika Marekani nilitakiwa na ofisi moja kueleza kwa maandishi kwa nini jina langu la mwisho si la mwisho la baba yangu, na nilitumia ukurasa mzima kujaribu kumfahamisha mtu kwamba kwetu jina la pili ni jibu la swali “mtoto wa nani?” na kwamba kila kizazi kinalijibu upya. Watu wa pwani hulisema wazi zaidi: Fatuma binti Salim. Nilipoitazama ile *dotter* mwishoni mwa jina la mwandishi, iliyofanana mno na neno la Kiingereza la binti, sikuona jina la ukoo hata kidogo. Niliona mwanamke akijitambulisha kama bibi yangu alivyokuwa akijitambulisha. Huyu alikuwa binti Per. Na kama kweli alikuwa dada yake babu, basi babu naye alikuwa mwana wa Per, yaani Persson, na hakuna programu ambayo ingempata kijijini kwao kwa jina alilolitumia Marekani.

Mume wangu aliiweka kompyuta mezani. Hifadhi ya Taifa ya Swideni imevifungua bure vitabu vya makanisa tangu mwaka 2018, ukurasa kwa ukurasa kwa picha, na mtu hahitaji jina la ukoo ili kuvisoma. Anahitaji parokia, mwaka na subira. Tulikifungua kitabu cha ubatizo cha Långasjö cha mwaka 1861, tukaanza Aprili. Mwandiko ulikuwa wa wino uliopauka na kukolea kwa zamu, kila mchungaji alipochovya kalamu. Katika kitabu cha namna hiyo mtoto huandikwa jina la ubatizo tu, halafu wazazi, kitongoji na wadhamini. Tulikuwa tukimtafuta Karl, kwa kuwa ndilo jina la babu. Wa kwanza baba yake aliitwa Anders. Wa pili aliandikwa Carl, kwa c, na mbele yake, nikiwa nimesogeza uso hadi pumzi yangu ikatia ukungu kwenye kioo, nilisoma *Soldaten Per Jonsson*, na baada ya Jonsson lile neno, jasiri, kwa herufi zile zile zilizochongwa kwenye jiwe la kaburi umbali wa maili sita kutoka mezani petu.

Per alikuwa askari. Jeshi la Swideni la siku zile lilitunzwa na vijiji: mashamba kadhaa yaliunganishwa yakampa askari mmoja nyumba ndogo na kipande cha ardhi, naye akawa tayari kuitwa vitani. Kwa kuwa kikosi kimoja kingeweza kuwa na akina Jonsson na Persson wasiohesabika, kila askari alipewa jina fupi la kuitikia, lenye maana ya mti, silaha au tabia njema. Wengi waliopewa majina hayo waliyaacha walipomaliza utumishi. Carl hakuwa askari, lakini alipovuka bahari alilichukua jina la jeshi la baba yake likawa lake na la watoto wake, ilhali dada yake aliyebaki nyumbani aliendelea kuwa binti Per. Sheria ya kuimarisha majina ya ukoo ilikuja Swideni mwaka 1901, miaka 10 baada ya barua ile.

Nilimsomea Mama mstari ule mara tatu. Hakusema neno. Alinyosha mkono akaugusa upande wa kompyuta, kama mtu anayegusa paji la uso la mgonjwa.

Tukahamia kwenye vitabu vya mahojiano ya kaya. Mtu aliyelelewa katika usharika wa Kilutheri atavielewa upesi. Sheria ya Kanisa ya Swideni ya mwaka 1686 iliwataka wachungaji wawahoji waamini wote kuhusu kusoma na Katekisimu Ndogo ya Luther, na kwa ajili hiyo kila kaya iliandikwa katika ukurasa: baba, mama, watoto, vibarua, tarehe za kuzaliwa, mahali walikotoka na walikohamia, na katika safu nyembamba alama ndogo za kuonyesha nani anasoma vizuri na nani kwa shida. Aliyekufa au kuhama alikatwa kwa mstari. Bibi yangu alibatizwa Kiomboi, katika kazi ya wamisionari wa Sinodi ya Augustana, ile iliyoanzishwa mwaka 1860 na Waswidi na Wanorwei waliohamia Marekani, na nakumbuka mwalimu wa kipaimara akituandikia alama za namna hiyo katika daftari lake. Mama naye alinikumbusha siku ile kwamba akiwa mtoto wa shule ya Jumapili walichangishwa senti kwa ajili ya Tanganyika.

Ukurasa wa kwanza wa kaya ya Per ulikuwa na majina saba. Msichana aliyezaliwa 1866 alikuwa amekatwa mwaka 1868, mwaka wa njaa, ambapo ukame ulifuata baridi iliyokuwa imeharibu mazao ya mwaka uliotangulia. Katika kitabu kilichofuata Per mwenyewe amekatwa, mwaka 1879. Halafu ikawa vigumu kuwapata, kwa kuwa katika nyumba ile ile iliandikwa familia nyingine kabisa, na baba wa familia hiyo alikuwa na jina jipya la kijeshi. Tulitumia karibu saa nzima kabla ya kuelewa kilichotokea. Nyumba haikuwa mali ya askari. Ilikuwa ya nafasi yake. Alipokufa, mjane na watoto walitakiwa kumpisha askari mwingine. Tuliwapata kurasa nyingi mbele, mwishoni mwa kitongoji, mahali walipoandikwa maskini wasio na ardhi: mjane na binti mmoja. Carl hakuwa nao. Alikuwa katika ukurasa wa shamba la mtu mwingine, kibarua wa miaka 20, na jina lake limekatwa kwa mstari mmoja ulionyooka. Pembeni pameandikwa *N. Amerika* na mwaka 1882.

Mume wangu alitaka kuendelea na orodha za wasafiri za polisi wa Göteborg, ambazo zipo tangu mwaka 1869, ili ajue alipanda meli gani. Mama alimzuia. Aliomba tumsomee barua.

Tafsiri yake ilikuwapo katika bati, imepigwa chapa na mtu fulani miaka mingi iliyopita, na kila mtu katika familia alikwisha kuisoma kama barua ya jirani. Mwandishi anashukuru kwa dola 10. Anasema kwamba ng'ombe ameuzwa. Anasema kwamba mama alifariki wakati wa vuli, baada ya kulala kitandani majuma sita, na kwamba aliuliza kila siku kama kuna kitu kutoka Amerika, na siku ya mwisho walimwambia kwamba kipo, njiani.

Mume wangu alisoma hadi hapo akanyamaza. Ni Mama aliyesema, kwa sauti ya kawaida kabisa: “Huyo ni bibi mzaa babu. Tumemweka humu miaka yote hii kama mama wa watu.”

Tulikitafuta kitabu cha vifo cha mwaka 1890, tukampata mwezi wa Oktoba: mjane wa askari, miaka 62.

Jioni, upepo ukiwa bado unapiga madirisha, Mama aliniomba nichukue kalamu, kwa kuwa mkono wake unatetemeka, na niandike katika ukurasa mweupe wa mwisho wa Biblia. Niliandika Per na mkewe, kisha Carl na ndugu zake wote, pamoja na yule aliyekufa 1868, kila mmoja kwa jina la baba yake kama walivyoandikwa kwao, na Långasjö kwa alama zake zote. Mama aliinamisha jicho lake zima karibu na karatasi, akaniongoza nisiruke mtu.

Kisha akauliza yeye angeitwa nani. Baba yake aliitwa Oscar. Nikamwambia, naye akalirudia mara mbili taratibu, akaniomba nimwandikie chini ya mwandishi wa barua: Oscarsdotter. Alikataa nifunge Biblia. Tuliiacha wazi mezani hadi asubuhi, wino ukauke.